Kijiji Kilichojaa Waume

Bernardine wa Lubarika aliolewa mwaka wa uhuru. Mumewe, Gratien, alikuwa mmoja wa wale walioamini kwamba uhuru utaletwa na lori na kugawiwa nyumba kwa nyumba. Alikaa kando ya barabara mchana kutwa na gunia tupu. Jioni akarudi na gunia lile lile, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanda juu ya msonge wao mpya, akasimika agasongero, kile kijiti cha kileleni ambacho kwao kinasema mwenye nyumba yu hai. Akifa, kinachomolewa, na mjane anahesabiwa wa shemeji yake pamoja na jembe na shamba.

Cha Gratien kilikuwa cha mwanzi wenye tundu. Upepo ukipita, kinapiga mluzi.

"Hata nikiwa kwenye pombe," alimwambia, "utasikia niko nyumbani."

Uasi ulipofika, aliufuata kama alivyolifuata lori. Waasi wakamnyunyizia dawa, wakamwapia kwamba risasi za serikali zitageuka maji. Gratien aliamini kabisa, ndiyo maana akabeba koti la mvua. Akapanda njia ya Lemera na wanaume karibu wote wa kijiji. Waliporudi wachache, walitaja nani alianguka wapi. Gratien hakuna aliyemwona akianguka, wala akisimama. Bernardine akaendelea kulima muhogo, na kila mwanzi ulipolia, aliongeza konzi moja ya unga kwenye sufuria.

Kisha upepo mkali ukatoka ziwani, ukazivua nyumba paa zote, kama mtu avuavyo kofia akipitiwa na jeneza.

Wakaja vijana wa kujitolea wa parokia, kutoka Kimanga, wenye kaptula za kaki na wimbo wenye beti nyingi kuliko miti waliyoleta. Mkubwa wao, Placide, alikuwa amesoma seminari mpaka seminari ikachoka. Lakini tuwape haki yao: waliezeka, na waliezeka vizuri. Bernardine aliuokota mwanzi wake kwenye tope la mpunga, akampelekea Placide.

"Mwanangu, hiki ukiweke juu kabisa."

"Ni ya nini, mama?"

"Ni ya bwana yangu."

Placide akaona kinapendeza. Akaona pia kwamba nyumba moja kuwa na pambo na nyingine kukosa ni upendeleo, na yeye alikuja kupigana na upendeleo. Wanawake walipokuwa bondeni kukata nyasi za mwisho, vijana walichonga vijiti, wakasimika kimoja kila nyumba.

Wanawake waliporudi, walisimama njiani na mizigo vichwani. Kijiji cha wajane kilikuwa kimejaa waume.

Pudentienne, aliyemzika mumewe kwa mikono yake, alitua nyasi akaanza kufagia uwanja haraka haraka, kama mtu aliyechelewa kumpokea mgeni. Mwingine aliita jina mlangoni, kwa sauti ndogo, akangoja. Georgette alikataa kuingia.

"Wangu alikuwa ananipiga," alisema. "Nani amemurudisha?"

"Ni usawa, mama!" Placide akasema, akitabasamu peke yake.

Asubuhi akaja koplo wa serikali kutoka kambi ya barabarani, mtu wa mbali, akiongozwa na Révérien, mdogo wake Gratien. Révérien alikuwa ameshamfundisha koplo maana ya vijiti; shamba la Bernardine lilimnyima usingizi.

"Weye uliniambia hapa iko wajane tu," koplo alisema.

"Shefu, kila kijiti iko na muntu."

"Basi wako wapi? Mu pori, na bunduki?"

"Shefu, ni mapambo tu," Placide akasema.

"Nyamaza, mutoto ya mapadri. Nyumba yenye kijiti itoe mwanaume sasa hivi, ao tunachoma kijiji yote."

Wanawake wakapanda mmoja mmoja kwenye ngazi ya vijana, kila mmoja akimchomoa mumewe mara ya pili. Georgette alichomoa kama ang'oaye jino. Ukabaki mwanzi wa Bernardine.

"Shemeji," Révérien akasema kwa upole mwingi, "chomoa. Ao umutoe."

Bernardine alimtazama Pudentienne, aliyeshika ufagio bado, akazitazama na nyasi mpya za nyumba zote. Akapanda. Kule juu aliiona njia ya Lemera yote, tupu. Alipoushika, mwanzi ulitetemeka kiganjani kama koo la mtu anayetaka kusema. Akauchomoa. Koplo akauvunjia gotini.

Placide alipanda na kicha cha nyasi, macho mekundu, azibe tundu lililobaki kileleni.

"Wacha."

"Mvua itaingia, mama."

"Bwana yangu iko na koti."

Jioni hiyo hiyo Révérien alikuja na mkeka wake kwapani, mjane akiwa ameshathibitishwa na serikali. Akautandika, akaketi, akauliza chakula kiko wapi. Nje upepo ukaanza. Paa likapiga mluzi, ule ule, bila mwanzi. Tone moja la maji likamwangukia Révérien kwenye paji la uso. Nje kulikuwa kukavu.

"Nani iko pale juu?"

Bernardine alikuwa anaongeza unga kwenye sufuria.

"Uliza mwenyewe. Ni kaka yako."

Révérien akainuka, akatoka. Mkeka aliuacha, na hakuurudia tena. Bernardine aliuanikia muhogo miaka yote, na tundu hakulizibisha.