Buti za Askari wa Simenti

Onésime Kapinga alichora vita tangu ujana wake. Bunduki, nyumba zinazoungua, akina mama wanaokimbia na magodoro kichwani: hayo yote aliyaona mwenyewe kwenye barabara ya kwenda Nyemba, akayatia kwenye karatasi, baadaye kwenye simenti. Kwa hiyo wakubwa wa mji walipounda kamati ya kuwakumbuka askari waliokufa, walimwita yeye atengeneze sanamu. Kamati ilikuwa na watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia risasi isipokuwa kwenye televisheni.

Alihangaika miezi mitatu na simenti ya kiwanda cha Kabimba. Kazi ilipokwisha, mwenyekiti, Papa Léon, aliizunguka sanamu mara mbili kama anayenunua mbuzi.

"Papa Onésime, mbona huyu hana viatu?"

"Hawakuwa navyo, Prezida. Niliwaona wakipita."

"Na mbavu hizi?"

"Nazo niliziona."

"Wageni watasema nini? Umuvalishe buti. Umuongeze na nyama kidogo."

Mwenye nguvu mpishe. Onésime alimvalisha askari buti, akamjaza mashavu, akamnenepesha shingo, mpaka askari akafanana na Papa Léon kama pacha wake. Papa Léon hakuona kosa lolote.

Siku ya sherehe hotuba zilikula saa tatu nzima. Wakubwa walikaa chini ya turubai, wajane juani. Kitambaa kilipovuliwa, Mama Salama, mjane wa sajini, alisimama.

"Huyu njo nani?" akauliza kwa sauti. "Bwana yangu angekuwa na buti kama hizi, angekimbia na yeye, angefika nyumbani."

Watu walicheka. Onésime alitamani ardhi immeze. Alipoinua macho, alikiona kibao miguuni mwa sanamu: majina kumi na moja ya kamati. Ya wafu, wanakamati walisema, nafasi haikutosha.

Kesho yake asubuhi alirudi na patasi. Alizibomoa buti, akaanza kuchonga majina ya marehemu mgongoni mwa askari, wajane wakimtajia moja moja.

Papa Léon akafika mbio. "Unaharibu mali ya kamati!"

"Ninamaliza kazi, Prezida."

Papa Léon aliwatazama wale wanawake, nao wakamtazama. Ghafla akakumbuka ana mkutano, akaingia garini.

Mama Salama hata hakugeuka kulitazama gari likiondoka. Alikuwa akifuata herufi kwa kidole.

"Hapana, Papa. Jina ya bwana yangu, Twahiri, inaandikwa na h."

Onésime akachukua simenti mbichi, akaziba, akaandika upya.