Mgomba wa Muhangi

Katika Ihanda nzima hakuna aliyesuka mkeka kumshinda Yudesi, na wa kwanza kulijua hilo alikuwa Yudesi mwenyewe. Kizuri chajiuza, wasema watu, lakini cha Yudesi kilisaidiwa kidogo: alipopita njiani na mkeka mpya alitembea polepole, kila mtu apate kuona.

Kwa hiyo kanisa jipya lilipokaribia kufunguliwa, miaka michache baada ya vita, mwinjilisti Elieza hakubisha hodi kwingine. Aliagiza mkeka wa kupigia magoti mbele ya madhabahu, wenye mti wa uzima katikati.

Siku ya kuuchukua, Yudesi aliukunjua uani. Elieza akashika kiuno.

"Mama, huu si mgomba?"

"Ni mgomba. Mkungu wake huu, na chipukizi lake hili hapa chini."

"Mti wa uzima haufi, mama. Mgomba ukishazaa unakatwa. Watatucheka! Fumua hapo katikati, usuke mti wa kweli."

Yudesi alikasirika. Muhangi, mwanawe wa pekee, alikwenda vitani Burma asirudi; hata kaburi lake Yudesi hakuonyeshwa. Kilichobaki chake katika nchi hii ni kondo lake la nyuma, lililozikwa chini ya mgomba nyuma ya nyumba siku aliyozaliwa, kama ilivyo desturi.

"Elieza mwanangu," alisema, "mgomba wa Muhangi unaujua. Ndizi zake mliziiba wote wawili mkiwa watoto. Nimeukata miaka yote hii. Haya, zunguka nyuma ukaone kama umekufa. Mimi sifumui hata ukindu mmoja. Kama huutaki, nitaulalia mwenyewe."

Elieza hakwenda kutazama. Aliukunja mkeka, akautia begani na kuaga kwa sauti ndogo.

Jumapili ukatandikwa mbele ya madhabahu. Watu wakaja safu kwa safu kwenye meza ya Bwana, wakapiga magoti juu yake, na Yudesi, shingo juu, akawa anatazama nani anaitazama kazi yake. Karibu wote waliitazama, naye akaona raha.

Elieza alikuja wa mwisho, miguu mitupu. Alipofika penye lile chipukizi akainua mguu, akapita pembeni, kama mtu aliye kwenye kibanja cha migomba cha mwenzake.