Kisiwa Kikubwa Kuliko Grinlandi

Jamani, darasa zima lilikosa swali moja la mtihani.

Si wazembe peke yao. Hata yule binti wa dawati la mbele, anayeongoza tangu alipovaa sare ya kwanza, naye chali.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi: kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani ni kipi?

Wote waliandika jibu moja, kila mtu kwa maneno yake. Kile cha katikati ya bahari, kisicho na jina.

Mwalimu wao alidhani wamenakiliana. Akawatoa nje, akawasimamisha mbele ya ukuta wenye ramani ya dunia, akasema haya, nionyesheni.

Wakamwonyesha.

Kwenye maji matupu, mbali na kila nchi, kulikuwa na kisiwa cha kijani kikubwa kuliko Grinlandi. Dunia haina kisiwa hicho. Haijawahi kuwa nacho.

Na aliyekichora ni baba yangu mzazi.

Ngoja niwaeleze sisi ni nani. Sisi tunachora ramani kwenye kuta za shule. Mzee ana vibati alivyokata mwenyewe kwa mkasi wa bati, kila nchi kavu na kibati chake. Unakiegemeza ukutani, unapitisha chaki pembeni, halafu unapaka rangi. Mabara aliniachia mimi. Visiwa hakumwachia mtu.

"Bara hata kipofu atalipata," alikuwa akisema. "Kisiwa kinataka mkono."

Alivipaka kwa kufuata ukubwa. Grinlandi kwanza, halafu Guinea Mpya, Borneo, Madagaska, ndipo Baffin na Sumatra na vingine vifuate. Nyumbani majina hayo yalikuwa yetu. Baba ndiye Grinlandi, kwa sababu ya upara wake usioisha vumbi la chokaa, mweupe kama barafu ya huko. Mama ni Guinea Mpya, kaka yangu Borneo, na mimi kitinda mimba ni Madagaska.

Nikilalamika kwamba nimewekwa mkiani, kaka alinijibu, "Shukuru. Baffin hata hajazaliwa."

Kazi ikiisha tulisimama wote mbele ya ukuta, mpaka mama aliyetuletea chakula. Baba aligusa kila kisiwa kwa ncha ya brashi, akiita kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Grinlandi!" Anajijibu mwenyewe, "Kipo!"

"Guinea Mpya!"

"Kipo," mama anajibu huku anaona haya.

"Borneo!"

"Kipo!" kaka anapiga kelele hadi njiwa wa paani wanaruka.

"Madagaska!"

"Kipo!"

Hapo ndipo ramani ilipohesabika imekwisha.

Sasa, mzee alikuwa na ujanja wake wa kazi. Tone la rangi likimdondokea baharini, hakulifuta. Ukilifuta linaacha doa. Yeye alilizungushia mstari mwembamba, tayari, kisiwa.

"Bahari ni pana," alisema akicheka, "haikosi kisiwa cha ziada."

Hata ramani ya sebuleni kwetu, aliyoichora kabla sijazaliwa, ilikuwa na tone la namna hiyo. Dogo kama punje ya dengu, peke yake majini. Kaka alilala chini ya ramani ile miaka yote ya utoto wake. Alikuwa akiligusa kwa kidole kabla ya kulala, anasema iko siku atafika.

Kaka alipokuwa mtu mzima aliondoka kutafuta maisha ng'ambo, kwa njia ile ya majini ambayo watu wanaijua na hawaitaji kwa sauti. Hakutuaga. Tulikuta kitanda kimetandikwa, na haikuwa kawaida yake kutandika.

Kikapita kimya kirefu. Halafu jioni moja baba akarudi kazini na habari. Kaka amempigia simu kulekule shuleni!

"Anasema anamsalimu mama yake mpendwa."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mungu mkubwa," akaenda jikoni.

Tangu hapo salamu zikawa zinakuja. Nami nikawa na wivu, siwafichi.

"Mbona mimi hanipigii?"

"Simu ya kuazima hiyo," baba alinijibu. "Anaongea haraka haraka."

Jambo jingine likabadilika, nikalipuuza. Nikishamaliza mabara, baba alinituma shule inayofuata nikasugue ukuta, yeye abaki kumalizia visiwa peke yake. Siku moja nilirudi kufuata ndoo niliyoisahau, nikamsikia anaita mahudhurio.

"Borneo!"

Akajijibu kwa sauti nyembamba ya kuigiza, "Kipo!"

Nilicheka nikashika mbavu. Mzee wangu ameanza kuzeeka vibaya, nikasema moyoni. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Basi, baada ya mtihani ule, Mwalimu Mkuu wa shule akatuita sote wawili.

"Mzee wangu, nakuheshimu," Mwalimu Mkuu alisema. "Lakini wakaguzi wanakuja wiki hii. Kifute hicho kidude. Ukikataa, napaka chokaa ukuta mzima, na walimu wakuu wenzangu wote nitawaambia wasikuite tena."

"Sifuti," baba akasema.

Baba yangu huyo! Mtu ambaye mteja akitaka jangwa la zambarau, yeye anauliza zambarau iliyokoza au iliyopauka.

Nikamvuta nyuma ya tangi la maji.

"Baba, kuna nini? Hii ndiyo kazi yetu, hatuna nyingine. Kama mkono umechoka nitakifuta mimi."

Akageuza ndoo, akaikalia.

"Kaka yako hajawahi kunipigia simu," akasema.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Alinijia mwenzake waliyesafiri naye. Chombo chao kilipinduka usiku, wakakishikilia ubavuni, wote wazima. Kaka yako ndiye aliyekuwa akiwatuliza."

"Halafu?"

"Halafu akawaambia kuna kisiwa karibu. Akaapa. Akasema kwenye ramani ya baba yake, pale walipo kuna kisiwa kidogo, nifuateni. Wenzake wakakataa. Akaachia chombo, akaogelea peke yake." Baba alikuwa anakwangua rangi kavu kwenye kucha. "Waliobaki na chombo wote waliokolewa."

Nilikaa palepale kwenye tope la bomba.

Lile tone. Ile punje ya dengu.

"Nilimdanganya mwanangu kwa uvivu wa kufuta tone," baba akasema. "Nikaanza kukiweka. Kila shule. Mwanzo nilikichora kidogo kama kile cha nyumbani. Nikirudi nawaza, kidogo hivi, na kiza kile, atakipita asikione. Shule inayofuata nakiongeza. Nawaza tena, na mawimbi je? Nakiongeza."

Akainua macho.

"Sasa ni kikubwa, mwanangu. Sasa hawezi kukikosa."

Nililia kama mtoto mdogo. Nilimlilia kaka, na nilimlilia huyu mzee aliyebeba maiti mgongoni huku anatuletea salamu zake.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumekubaliana: mama asijue. Itamuua.

Tulimkuta sebuleni anakunja nguo.

"Mwalimu anasemaje?"

"Anataka tufute kisiwa kimoja," nikasema.

"Cha mwanangu?"

Baba alishika fremu ya mlango.

"Shule hizo napita nikienda sokoni, baba watoto," mama akasema, bado anakunja. "Nimekiona kikikua. Na zile salamu zako! Mwanangu tangu azaliwe hajaniita mama mpendwa. Aliniita Bi Mkubwa, na kabla hajasalimu anauliza leo kuna nini jikoni. Siku uliyoniletea mama mpendwa ndiyo siku niliyojua sinaye tena. Nikaenda kulia kwenye mvuke wa sufuria ili usinione."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unakuja mbio kuniletea. Ningeanzia wapi?"

Baba akapiga magoti pale mlangoni, akamweleza yote, na tone, na chombo, na mwenzake aliyerudi. Akamalizia, "Mimi ndiye niliyemuua."

Mama akaangalia ramani ya ukutani.

"Siku ulipodondosha tone hilo ulitaka kulifuta," akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia liache, limependeza. Umesahau?"

Baba hakukumbuka. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mpaka leo sijui kama lilitokea, au mama aliona mzigo ule ni wa watu wawili akachukua nusu yake. Sijawahi kumuuliza.

Kesho yake tukaenda wote watatu. Mama hakuwa na chakula mkononi. Alimwomba baba brashi pana na kopo la bluu.

"Hatujamzika," akasema. "Leo tunamzika."

Alianza pembezoni akielekea katikati, polepole, wala hakutoa chozi. Watoto wa shule waliketi kwenye ngazi wakimtazama. Kijani kilipoisha, mama alirudisha brashi, akasimama mahali pake pa siku zote.

Baba akasogelea ukuta.

"Grinlandi! Kipo."

"Guinea Mpya!"

"Kipo," mama akajibu.

"Borneo!"

Hakujibu mtu. Nilimwona baba anafungua mdomo kutoa ile sauti nyembamba.

"Hayupo, baba watoto," mama akasema. "Endelea."

Baba akasogeza brashi.

"Madagaska!"

Nikajibu, "Kipo."

Ramani ikawa imekwisha.

Ndugu zangu, mtu akifiwa usimfiche msiba wake ukidhani unamhurumia. Atalia jikoni, wewe utalia ukutani, na nyumba ni moja.

Na ukidondosha tone, lifute, hata kama litaacha doa.