Kila Saa Nane

Vijana wa Njoro wanaosomea famasia wakiniuliza leseni inapatikanaje, nawajibu mbio mbio: digrii ya miaka mitano, mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini ukisimamiwa, kitabu cha kumbukumbu kilichotiwa sahihi na msimamizi, halafu mtihani wa bodi. Kuna jambo siwaambii, na linanichoma.

Nilikuwa nimebakisha wiki mbili tu katika ule mwaka wa hospitali, hapa Nakuru. Wueh, nilivyojiona! Koti jeupe limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Mama mmoja wa kutoka Gilgil akaja dirishani na msichana wake wa miaka minne, sikio linatoa usaha. Nikampa dawa ya maji, nikamwambia, "Kijiko kimoja kila saa nane, siku saba. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Foleni ilikuwa ndefu, nikaita mwingine.

Baada ya wiki walirudi, mtoto anachemka, usaha umezidi. Akalazwa. Daktari wa zamu akaniita wodini nione chupa: dawa haikuwa imeisha hata nusu. Akamuuliza mama kwa nini hakumpa mtoto dawa.

"Nilimpa! Kila siku ikigonga saa nane, watoto wa shule wakirudi darasani baada ya lunch, nampa kijiko. Sijakosa hata siku moja."

Haki ya Mungu! Mimi nilimaanisha kila baada ya masaa nane, mara tatu kwa siku. Yeye alisikia saa nane ya mchana. Na alisikia sawasawa kabisa, kwa sababu ndivyo nilivyosema, mjinga mimi.

Daktari akamfokea kwamba wamama hawafuati maagizo. Nilikuwa nimesimama pale pale. Kwenye kile kitabu changu kuna ukurasa wa makosa ya dawa. Ukikosea unaandika, msimamizi anasoma kabla ya kutia sahihi. Niliogopa atakataa, nikose mtihani. Nikafyata ulimi, na ule ukurasa nikauacha mweupe.

Sahihi nilipata. Mtihani nilipita, tena kwenye sehemu ya kumweleza mgonjwa dawa walinisifu. Leo nina duka la dawa mtaa wa Section 58, leseni iko ukutani, na kila mwaka naihuisha bila shida. Lakini sikio la kushoto la yule mtoto halisikii tena. Nilijisomea mwenyewe kwenye faili yake.

Siku waliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama alipita dirishani kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, na heri angenitukana. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, daktari. Wewe ulinieleza vizuri, ni mimi sikuelewa."

Nikamwambia, "Usijali, mama. Hutokea."