Shimo Chini ya Zizi

Bibi, mama yake baba, alihifadhi mahindi shimoni chini ya zizi la ng'ombe, mdomo wa shimo umezibwa kwa jiwe bapa na samadi, kama walivyofanya Wangoni wa zamani. Mahindi hayo yalinuka uchachu, na baba aliyaonea aibu. Alikuwa amekwenda kujenga boma la Wajerumani hapa Songea, akaona maghala yao yaliyoinuliwa juu ya nguzo, makavu, yana milango. Aliporudi akatujengea ghala la kwetu karibu kabisa na njia, kila mpita njia alione.

"Mama, dunia inakwenda mbele," alimwambia bibi, "wewe bado unafukia chakula!"

Bibi alicheka tu. Mimi, mjukuu wake, ndiye niliyemsaidia kufungua shimo. Tuliliacha wazi kutwa nzima, kisha yeye akateremsha kienge cha majani kinachowaka. Kikizimika, haingii mtu. "Hewa ya mle inaua," aliniambia. Baba hakuwahi hata kusimama pale kutazama.

Vita vya Maji Maji vilipotufikia, askari wa Mjerumani walifuata njia ile ile wakalichoma ghala letu, wakaswaga ng'ombe wote. Tulikimbilia milimani, na huko bibi akafa kwa homa. Tuliporudi tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na mdogo wangu ambaye njaa ilikuwa imemvimbisha miguu, hata kulia halii tena.

Zizi lilikuwa tupu, lakini shimo hawakuliona. Baba alifukua kwa mikono, akalisukuma jiwe. Harufu ya uchachu ikanijaza mate. Nilijua inatupasa kungoja mpaka kesho. Nilikuwa na umri wa kutosha kusema, na baba angenisikiliza. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kula siku ile ile.

Alishuka na kikapu. Hatukusikia hata ukelele. Mama alipotaka kumfuata, hapo ndipo nilipomng'ang'ania nguo nikapiga kelele kwamba hewa ya mle inaua.

Tulimtoa kesho yake, kienge kilipokubali kuwaka. Tukamzika, kisha tukala mahindi. Yalikuwa matamu, Mungu anisamehe. Mdogo wangu alipona.

Watu hupenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wanapomsema baba hivyo, hasira hunipanda, maana hakuna aliyemwambia kitu. Mama naye aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa bila kuniuliza kwa nini yeye nilimzuia na baba nikamwacha.