Chupa zangu za kasiksi zimekimbiza kartie muzima

Leo nimekimbiza watu wa mutaa muzima bila kuwa na bunduki.

Jana nilijaza kasiksi mu chupa, mara yangu ya kwanza. Mama mukwe aliniambia: "Hiyo pombe ya ndizi ingali inachemka. Funika na jani tu, ipumue."

Miye, mwenye akili mingi, nikapiga vifuniko na nyundo.

Leo asubui: PAA! Kisha PAA PAA PAA!

Hapa kwetu Masisi, kwenye vita haiishi, nani anauliza kama ni risasi? Kila muntu mbio.

Jirani yetu, Mama Furaha, ule alikimbia vita Kashebere, akafunga mutoto ku mugongo, akaweka godoro ku kichwa, akashika njia ya Kingi.

Miye nimesimama mu nyumba, pombe inatiririka mu nywele. Mucheke, nakubali.

Nikamufata na pikipiki ya taxi-moto. Nikamuelezea ni chupa tu, nikaomba pardon mpaka sauti ikaisha.

Tukarudi. Akaingia mu jiko lake, akafunua nyungu, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Dada, nimeshakimbia mara ine. Leo njo mara ya kwanza ninarudia na ninakuta maharagi yangu ingali ku moto."