Kitambi Changu kwenye Harusi ya Zaituni

Chekeni, lakini taratibu. Nilikuwa nimeanza mtindo wa kutokula mpaka saa saba mchana. Wiki hiyo ya kwanza usingizi ulinikimbia, na kichwa kilinguruma kama injini ya boti za wavuvi kule ziwani Katonga. Ndivyo nilivyofika Ujiji kwenye harusi ya jirani yetu Zaituni: macho mekundu, mikono kichwani.

Sinia la pilau likatua. Wanaume wenzangu wakanawa. Mimi nikageukia pembeni, nikameza mate. Niliona aibu kusema napunguza kitambi.

Shangazi wa bibi harusi akaniinamia. "Kumbe ulikuwa unampenda? Pole, baba. Ungeposa mapema."

Kichwa kiliniuma mno, nikanyamaza. Ukimya wangu akaubeba hadi kwa akina mama, alikokaa Rehema, mchumba wangu.

Saa saba ilipotimia, nikavamia mabaki yote ya sinia. Nikainua uso, mfupa wa mbuzi mdomoni. Rehema alikuwa mbele yangu, amevua pete.

"Unamlilia Zaituni huku unatafuna?"

"Simlilii! Napunguza kitambi!"

Wanaume wote wakageuka. Rehema akalitazama sinia tupu.

"Kitambi cha nani?"